Kinga ya Shangazi Kalolaine

Pedali ilifika kisiwani Jumatano asubuhi, imeviringishwa utepe wa gundi tabaka juu ya tabaka, hata Lesieli akaichana kwa kisu cha kumenyea viazi vikuu. Ndani mlikuwa na kitu cheusi cha kukanyagia, mfano wa kile cha cherehani, na waya wake. Ukikanyaga, sauti iliyorekodiwa inacheza. Ukiachia, inanyamaza, na mikono yako haitoki kwenye kibodi. Barua ya mawakili wa Brisbane iliyokuja nacho ilisema hata mtoto anaweza kukiunganisha.

Alichomeka waya kwenye kompyuta, akavaa hedifoni, akakanyaga. Kimya. Akakanyaga tena kwa nguvu. Badala ya sauti, kidirisha cha buluu kikafunguka katikati ya kioo:

*Kibodi mpya imeonekana. Kwa usalama wako, andika tarakimu hizi kwa kutumia kibodi hiyo: 4 7 1 9.*

Lesieli alikitazama kidirisha, akaitazama pedali, akakitazama kidirisha tena. Kibodi gani? Kitu chenyewe kina mahali pamoja tu pa kukanyaga, hakina herufi, hakina namba. Lakini kompyuta ndiyo iliyosoma, si yeye. Akavuta pumzi, akakanyaga mara nne, akatulia. Akakanyaga mara saba. Akakanyaga mara moja. Alipokuwa katika ile tisa, ya sita au ya saba, binti yake Luseane akasimama mlangoni na kikapu cha nguo.

"Mama, unacheza ngoma peke yako?"

"Usinipoteze hesabu!"

Hesabu ikapotea. Kidirisha kikageuka chekundu: *Umekosea. Kifaa kimefungwa.* Mara pembeni kikazuka kingine, cha kijani: *Programu hatari inajaribu kufunga kifaa chako. Uizuie?* Lesieli akabonyeza ndiyo, maana nani asiyetaka kuzuia hatari? Cha buluu kikarudi kikilalamika kwamba kinashambuliwa. Cha kijani kikajibu. Kompyuta ikaanza kuvuma feni na kupata moto, herufi zikawa zinatokea moja moja kama mtu anayevuta miguu. Loo! Walinzi wawili wa lango moja wamekamatana mashati, na mgeni mwenyewe bado yuko nje na barua yake mkononi.

Sasa, mzaha kando. Ofisi ile ya mawakili ya Brisbane ilitaka mtu wa kusikiliza kesi zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno. Lesieli alikuwa karani wa mahakama miaka kumi na mmoja hadi nafasi yake ilipofutwa, na vidole vyake vilikuwa bado vinaijua kazi. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Rekodi ya dakika arobaini ingefunguliwa saa sita mchana na kufungwa saa kumi kamili, umalize usimalize. Na Jumatatu saa nne Semisi, mumewe, alitakiwa mjini kutia saini karatasi za kwenda kuvuna matunda Australia, miezi saba, na mgongo wenyewe mbovu. Lesieli akipata kazi, Semisi hatii saini. Asipopata, anatia. Hesabu yenyewe ilikuwa hiyo tu, nayo ilitosha kumnyima mtu usingizi.

* * *

"Programu za kinga zimegombana," Semisi alisema jioni, baada ya kuelezwa mara tatu. Alikuwa amelala chali mkekani, kwa kuwa ndivyo mgongo ulivyokuwa ukimruhusu. "Fahali wawili zizi moja. Toa mmoja."

"Nimtoe yupi?"

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Ile kinga ya buluu ilikuja na kompyuta yenyewe, na kompyuta ilikuwa zawadi ya Kalolaine, dada mkubwa wa Semisi, aliyekaa Auckland. Aliileta mwenyewe miaka mitatu iliyopita, akaikalia siku nzima akiiwekea mambo, akasema, "Sasa hata shetani haingii humu." Kinga ya kijani aliiweka Mjomba Maka, ndugu wa mama yake Lesieli, bure, siku moja alipokuja kula na akaona ni aibu kula bila kufanya kitu.

Watu wengine wangeuliza kinga ipi ndiyo yenye kosa. Nyumbani kwa Semisi hakuna aliyeuliza hivyo. Waliuliza kila moja ni ya nani, na jibu likapatikana pale pale. Dada wa mume ndiye kichwa cha nyumba ya kaka yake hata akiwa ng'ambo ya bahari. Watoto humwita shangazi kwa sauti ya chini, na akitaka kitu chako unampa kwa mikono miwili. Mjomba je? Mjomba ni wa kutaniwa. Unaweza kumnyang'anya samaki sahanini akacheka.

"Toa ya Maka," Semisi alisema.

"Lakini anayetaka tarakimu ni ya wifi."

"Mama Luseane. Kitu alichoweka dada hakitolewi."

"Sijasema kitolewe. Nasema ndicho kinachozuia."

"Basi kizuie taratibu." Akafumba macho. Hata yeye hakujua amesema nini.

Lesieli akaitoa kinga ya Mjomba Maka. Kompyuta ikapoa, feni ikanyamaza, na kwa dakika moja nzima moyo wake ukawa mweupe. Akachomeka pedali. *Kibodi mpya imeonekana. Andika tarakimu hizi: 8 0 3 3.* Mara hii ilikuwa na sifuri ndani. Mtu anakanyagaje sifuri?

* * *

Mjomba Maka alikuja Alhamisi asubuhi, suruali fupi na kofia ya kampuni ya simu alikostaafu.

"Nasikia mmenifukuza," alisema, akijimegea muhogo wa watu bila kuombwa. "Mimi maskini wa Mungu, nisiye na mtetezi. Malkia wa Auckland mmemwacha?"

"Mjomba, usianze. Tazama hii."

Akatazama. Akabonyeza hapa na pale, akajikuna. "Kinga hii ina adabu kuliko akili. Kila kinachochomekwa kikajiita kibodi inakitilia shaka, maana wapo wezi wanaotengeneza kibodi za uongo. Pedali yako nayo imejiita kibodi, basi imekuwa mwizi. Dawa ipo. Unaingia humu, unasema, huyu ni mtu wangu, mruhusu. Kazi ya dakika moja."

"Basi ingia!"

"Naingiaje? Tazama. Inataka neno la siri. Nani aliliweka?"

Lesieli alinyoosha kidole baharini, upande wa Auckland. Mjomba Maka alicheka mpaka muhogo ukampalia, na ikabidi apigwe mgongoni.

"Haiwezi kung'olewa kabisa?" Lesieli akauliza.

"Kuing'oa nako kunataka neno lile lile. Mpigie umwulize, mwanangu. Si ana simu?"

"Hakuna haja ya kumpigia," Lesieli alisema kwa unyonge. "Anakuja leo. Mkutano wa kanisa. Atalala hapa mpaka Jumanne."

Mjomba Maka akavua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mchungaji. "Pole," akasema, na akaondoka na muhogo uliobaki.

* * *

Mtu asiyeijua nyumba ile angesema, si afadhali? Mwenye neno anakuja mwenyewe mpaka mlangoni, muulize! Lakini kulikuwa na habari ya friji.

Friji nayo ilikuwa zawadi ya Kalolaine. Mwaka wa pili mlango wake ukalegea, na Lesieli, kwa ujinga tu wa kupiga soga kwenye simu, akasema, "Wifi, mlango wa friji unatusumbua." Kalolaine akasema, "Ah." Wiki ile ile likaja gari la binamu, likapakia friji na kuipeleka kwa mpwa mwingine kijiji cha pili, ambako haikulalamikiwa. Semisi aliwasaidia kuipakia. Hakuna aliyesema neno. Ungesema nini? Amechukua cha kwake, na hata kingekuwa chako, angechukua.

"Kwa hiyo akiuliza kompyuta," Semisi alinong'ona akifunga kiunoni mkeka wa heshima, ule wa kuvaliwa mbele ya wakubwa, "ni nzima. Inakimbia. Hatujawahi kuona kompyuta kama ile."

"Na kesho nitafanyaje?"

"Sijui, mke wangu." Na kweli hakujua. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka katika chumba kisicho chake.

Kalolaine alishuka kwenye gari saa tisa, mwanamke mnene wa miaka sitini na miwili, viatu mkononi kwa sababu ya joto. Luseane akamwinamia. Lesieli akampokea mizigo. Semisi alimsalimu dada yake kutoka hatua tano, macho chini, "Karibu, dada," naye akajibu, "Asante, Semisi," na hapo yakaisha. Kaka mtu mzima haketi chumba kimoja na dada yake. Semisi akahamia bandani kwa jirani mpaka Jumanne, chumba cha ndani akapewa Kalolaine, na kompyuta ikahamishiwa jiko la nje, juu ya meza ya kukunia nazi.

Wakati wa chakula, magimbi na nyama ya kopo iliyofungwa katika majani ya magimbi hayo hayo, Kalolaine aliuliza lile lililokuwa likingojewa.

"Ile kompyuta?"

"Nzima kabisa, wifi," Lesieli akasema upesi mno. "Inakimbia."

"Haijawahi kuwasumbua?"

"Hata siku moja."

"Miaka mitatu, hata siku moja?"

"Hata siku moja, shangazi," Luseane akadakia, kama walivyokubaliana.

Kalolaine akaacha kula kidogo. "Ah," akasema. Lesieli akaitambua ile *ah*. Ilikuwa ile ile ya friji, na safari hii hakuna aliyelalamika! Sasa kosa liko wapi? Alilala na swali hilo, akaamka nalo.

* * *

Ijumaa saa sita kamili rekodi ikafunguka. Upande wa pili wa ua wanawake walikuwa wakiponda magome ya kutengenezea nguo, nyundo za mbao *ko, ko, ko*, na Lesieli alizikandamiza hedifoni masikioni kwa mikono yote miwili kabla ya kukumbuka kwamba mikono hiyo ndiyo ya kuandikia.

Alifanya bila pedali. Anabonyeza kucheza, anasikia maneno sita, anabonyeza kusimamisha, anaandika, anabonyeza kurudisha, imerudi mbali mno, anasikia tena yale yale. Shahidi alikuwa mzee wa kikohozi, wakili alikuwa na haraka, na hakimu alikuwa akisema mambo huku akigeuza karatasi. Mara mbili kinga ya buluu iliruka katikati ya kioo kumkumbusha kwamba kuna kifaa kilichofungwa. "Najua!" alifoka. "Wewe ndiye uliyekifunga!"

Semisi alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu yake, akawa anampepea kwa kifuniko cha boksi. Hakuwa na msaada mwingine wa kutoa.

Saa nane kasoro alitazama. Dakika tisa na nusu zimeandikwa. Zimebaki thelathini na nusu.

Akavua hedifoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na muda nayo.

"Nakwenda kumwuliza."

"Ataichukua."

"Aichukue! Itanifaa nini leo saa kumi na moja? Aichukue na meza yake."

"Lesieli..."

"Umeuona mgongo wako wewe? Mimi nauona kila siku. Nautazama ukiinuka asubuhi."

Semisi akaendelea kupepea. Lesieli akaingia ndani, akatoa sandukuni mkeka mwembamba aliousuka mwaka mzima kwa ajili ya harusi ya Luseane, kwa vile huendi kuomba kwa mtu yule mikono mitupu. Akaingia nao chumba cha ndani, akaketi sakafuni, akauweka mbele ya miguu ya wifi yake. Kalolaine alikuwa akisoma Biblia kwa miwani iliyovunjika mkono mmoja.

"Wifi, nisamehe. Tulikudanganya. Kompyuta haikimbii. Nina mtihani wa kazi, zimebaki saa mbili. Nina pedali, kinga yako inaikataa, inataka iandike tarakimu, na pedali haina vidole. Tunaomba lile neno la siri. Ukiona vema baadaye kuichukua, ichukue. Lakini nipe leo."

Yalimtoka yote kwa pumzi moja. Kalolaine akavua miwani. Akaikunja taratibu, akaiweka juu ya Biblia, na kila sekunde yake ilikuwa ya mtihani.

"Kwa hiyo mlikwama," akasema.

"Tulikwama, wifi."

"Mkakaa na kukwama kwenu, na mimi niko hapa, chumba cha pili."

"Tuliogopa. Kwa ajili ya friji."

"Friji?" Kalolaine alishangaa kwa dhati. "Mlisema inawasumbua. Nikawaondolea usumbufu." Akalitazama dirisha. "Unajua kwa nini niliweka lile neno? Mwanangu aliniambia si lazima. Nikasema weka. Nikasema, siku moja kitu kitakwama, na watanipigia. Semisi hanipigii, Lesieli. Hawezi kunipigia bila sababu, ni kaka yangu, ananiheshimu. Heshima yenyewe ndiyo hiyo, tunasikiana Krismasi na misibani tu. Nikasema hiyo itakuwa sababu. Miaka mitatu nasubiri kompyuta iharibike." Akajikongoja kusimama. "Jana ukaniambia haijawahi hata siku moja. Iko wapi?"

* * *

Kalolaine hakutanguliza mtu kubisha. Aliingia jikoni kama alivyokuwa, na Semisi alikuwa bado pale kwenye kigoda.

Ilibidi aondoke. Kwa desturi alitakiwa awe ameshatoka kabla kivuli cha dada yake hakijafika mlangoni. Lakini Semisi alikuwa na namna moja tu ya kuinuka. Aliweka mkono kwenye goti, akangoja. Akaweka mwingine ukutani, akangoja. Akajivuta, meno yakisagana, jasho likimtoka ghafla, na kile kifuniko cha boksi kikaanguka na hakuweza kukiinamia. Dada yake akasimama mlangoni akiyatazama hayo yote, maana hayakuisha upesi.

Habari za mwili wa kaka haziambiwi dada. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Huo mgongo," Kalolaine alisema, na hakuwa akisema na Semisi, alikuwa akisema na Lesieli, ndivyo inavyopasa, "umeanza lini?"

"Msimu uliopita, wifi. Kule kwenye matunda."

"Na anarudi?"

"Jumatatu anatia saini. Nisipopata kazi hii."

Semisi alikwisha kutoka. Walimsikia nje akiegemea tangi la maji. Kalolaine akaketi mbele ya kompyuta, akaandika neno lake kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akilifunika kwa kiganja cha pili kama mtoto wa shule. Akabonyeza mara tatu. Kidirisha cha buluu kikaaga.

"Kanyaga."

Lesieli akakanyaga. Shahidi akakohoa. Akaachia, shahidi akanyamaza. Akakanyaga, akakohoa tena. Lesieli akacheka kwa sauti, akaona aibu, akavuta kiti. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Kalolaine alitoka uani, akawaambia wale wanawake wa nyundo wapumzike mpaka saa kumi. Walipumzika.

Saa kumi kamili rekodi ikajifunga yenyewe, katikati ya neno. Zilibaki dakika nne ambazo Lesieli hakuzisikia. Alituma alichokuwa nacho, kisha akakaa pale pale, mguu bado juu ya pedali, hajui kama ameshinda au ameshindwa.

* * *

Brisbane hawakujibu Ijumaa, wala Jumamosi, na Jumapili, siku ya Bwana, katika nchi ile hata jogoo anawika kwa kujizuia. Jumatatu asubuhi Semisi alivaa shati jeupe, akafunga mkeka kiunoni, akachukua bahasha ya karatasi zake. Alipofika kwenye geti Luseane akamkimbilia.

"Baba. Shangazi anasema usiende."

"Amesema kwa nini?"

"Hakusema kwa nini. Amesema tu, mwambie haendi."

Semisi akasimama na bahasha. Neno la dada halina rufaa. Wala asingeweza kumjibu kwamba hawajui watakula nini, maana ungekuwa ni ubishi. Alirudi akakaa chini ya ukingo wa paa. Lesieli alipomletea chai hakuweza kusoma uso wake, kama ni wa mtu aliyeaibishwa au aliyetuliwa mzigo. Pengine hata mwenyewe hakujua. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita.

Jumanne Kalolaine akaondoka. Ule mkeka wa harusi aliuacha kitandani, umekunjwa vizuri. Kompyuta hakuichukua. Garini alifungua kioo akamwita Lesieli karibu.

"Nimebadilisha lile neno. Usiniulize ni lipi, sikwambii. Ikikwama, nipigieni."

Jibu la Brisbane lilikuja Jumatano mchana: dakika nne zimekosekana, lakini zilizopo hazina kosa, aanze kwa saa ishirini za wiki, majaribio ya miezi mitatu. Lesieli alilisoma mara tano kabla ya kuliamini, akapiga kelele, Luseane akapiga kelele, Mjomba Maka ambaye alikuwa akipita kutafuta muhogo akapiga kelele bila kujua ni za nini.

Alhamisi alasiri Lesieli alikuwa jikoni na kazi yake ya kwanza, akikanyaga na kuachia, kompyuta ikienda kama maji. Alipoinua macho akamwona Semisi uani. Alikuwa amevaa shati jeupe. Alikuwa amefunga mkeka wa heshima kiunoni, wa kanisani, siku ya kazi, kwenye jua lile. Alisimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu, akabonyeza simu, akaiweka sikioni, akainamisha macho chini.

Lesieli akavua hedifoni.

"Dada," Semisi alikuwa akisema, "samahani kwa kukusumbua. Hii kompyuta imekwama tena."